Madaktari wanaosomea ubingwa wawezeshwe kuhudhuria makongamano

Daktari anayesomea ubingwa nchini Tanzania hutumia miaka mitatu au zaidi wodini, akishika zamu za usiku huku akiandika tasnifu. Tasnifu nyingi huishia kwenye rafu za maktaba, ilhali zimebeba majibu kuhusu wagonjwa wetu wenyewe.

Kwenye kongamano la kitaaluma, kazi hiyo hupata wasikilizaji na wakosoaji. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, huandaa kongamano kila mwaka. Hapo daktari wa Mwanza anaweza kumsikia mwenzake wa Lusaka au Blantyre akieleza upasuaji uliofanyika kwa vifaa haba kama vyake.

Vikwazo ni viwili: ada na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwa daktari mwenyewe, na zamu yake hukosa wa kuishika. Tunazitaka hospitali za kufundishia zitenge fedha kwa kila anayekubaliwa kuwasilisha utafiti, na zipange zamu mapema ili wagonjwa wasikose huduma. Naye anayerudi awafundishe wenzake alichojifunza.