LAZIMA KWA NANI? Kuandika programu shuleni: ndiyo, lakini si juu ya mgongo wa mwanafunzi



Kuko mabishano yanazunguka kati yetu, kwenye magroupe ya WhatsApp na kwenye mikutano ya mtaa: je, kuandika programu za kompyuta kuwe somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa humanités? Wamoja wanasema ndiyo, dunia inatuacha. Wengine wanacheka: watoto wanakaa chini, nyinyi mnaongelea kompyuta!

Mwendo wetu unajibu bila kuzunguka. Ndiyo, somo hilo liwe la lazima. Lakini kabla ya kupiga makofi, tuulize swali moja lenye wakubwa hawapendi: lazima kwa nani? Katika inchi hii, neno "lazima" linamwangukia mwanafunzi na mzazi wake peke yao. Mtoto analazimishwa kusoma, kupita, kulipa. Serikali yenyewe hailazimishwi kitu. "Lazima" ya namna hiyo, sisi hatuitaki.

Tuanze na yenye iko tayari. Tangu mwaka wa shule 2018, programu mpya ya sayansi iliingia katika 7ème, na ndani yake kuna masomo ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Mageuzi hayo yalitoka katika mradi wa elimu wenye Banki ya Dunia ilipitisha mwaka 2015, dola milioni 200. Kwenye karatasi ni mazuri. Sasa ingia katika darasa la mtaa wowote wenye haukuchaguliwa kwa ajili ya kamera. Utaona nini? Mwalimu anachora clavier kwenye ubao kwa chaki. Watoto wanaichora ndani ya kaye, herufi kwa herufi. Siku ya interro wanaulizwa: "Taja sehemu za kompyuta." Mwenye kukariri vizuri anapata 9 juu ya 10, na vidole vyake havijagusa mashine hata dakika moja. Na kwenye shule nyingi, pembeni ya minerval, kuko mustari mwingine: pesa ya informatique. Mzazi analipia mashine yenye haiko.

Hiyo njo "lazima" yenye tunajua. Tukiongeza neno "programmation" juu yake bila kubadilisha kitu, tutapata clavier ya chaki pamoja na programu ya chaki, na mustari mwingine wa kulipa.

Basi juu ya nini tunasema ndiyo? Kwa sababu programu zinatutawala tayari, tukitaka tusitake.

Mukumbuke RAM. Kutoka 2020, kila simu ilianza kukatwa unité kwa jina la registre ya vyombo vya mkononi. Ukiiandika kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: kama simu ni ya 2G, kata dola 1 kwa mwaka, kama ni ya 3G ao 4G, kata dola 7, mwenye simu akiweka unité, chukua. Wandugu, hiyo ni programu! Mistari mitatu. Mtoto wa 3ème anaweza kuiandika ndani ya kaye yake. Mama anayeuza tomati aliona unité zinayeyuka na hakujua nani amechukua, wala kwa amri gani. Tulipiga kelele, wabunge nao wakauliza maswali, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kelele zilisaidia. Lakini mtu anayejua namna amri inaandikwa katika mashine angeuliza mapema: nani ameiandika? Makuta yanaingia fasi gani? Nani anaweza kuhesabu nyuma yake?

Mukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi. Intaneti ilikatwa inchi nzima, na SMS nazo, karibu wiki tatu. Mukumbuke mashine ya kupigia kura, yenye ilikuja mwaka huo huo na kurudi tena 2023. Raia wengi walibaki wanaangalia skrini kama mtu anayeangalia mlango wa benki uliofungwa. Januari 2024, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa yaliyotajwa ilikuwa kushika mashine za kura bila haki. Tutakwenda kupiga kura tena, na mashine pengine zitakuwa pale tena. Je, tutazikaribia na elimu ao na uoga?

Zamani, mwenye hakujua kusoma alikuwa anatia kidole kwenye karatasi yenye mwingine amemuandikia. Leo tunatia kidole kwenye skrini. Kujua namna programu inafikiri ni kujua kusoma kwa wakati wetu. Hatusemi kila mtoto awe fundi wa programu. Si kila mwenye kujifunza kuandika alikuwa mwandishi wa vitabu, lakini alijua kusoma barua kabla ya kuitia sahihi.

Tugeukie sasa wale wenye kucheka. "Watoto wanakaa chini." Ni kweli, na ni haya kwa serikali. Lakini tuangalie vizuri hoja hiyo inamsaidia nani. Somo lisipokuwa la lazima, haina maana kwamba hakuna mtoto atalisoma. Mtoto wa waziri atalisoma, katika shule ya gharama, ao Ulaya. Wa kwetu ataambiwa angoje kwanza kiti, kisha paa, kisha maji. Kila mara maskini anapoomba kitu kikubwa, anaonyeshwa kitu kidogo chenye hakupewa. Tunataka kiti NA programu.

Tena, mwanzo wa somo hilo hauhitaji mashine. Huko New Zealand, walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury walitengeneza mazoezi ya kufundisha mambo ya kompyuta bila kompyuta, kwa kadi na kamba na michezo. Chukua kadi tano, andika 16, 8, 4, 2, 1. Ukifunua zingine na kufunika zingine, unahesabu kutoka 0 mpaka 31: njo vile mashine inahesabu, kwa ndiyo na hapana tu. Na kwa lugha gani? Mwalimu anasoma kwa Kifaransa, amri za programu ziko kwa Kiingereza, mtoto wa Goma ao wa Lubumbashi anafikiri kwa Kiswahili. Amwambie kwanza: "kama mvua inanyesha, basi funika mihogo, kama sivyo, acha ikauke." Akishika hiyo, nusu ya safari imeisha. Lakini nusu tu! Hatutakubali kadi zigeuke kisingizio cha kutoleta mashine.

Kuko na wengine, wa upande wetu, wenye kuahidi sana. Eti kila mtoto akijua programu, ukosefu wa kazi utaisha. Tusidanganyane. Saa mbili kwa wiki hazitoi fundi. Kijana hana kazi kwa sababu hakuna courant, barabara imekufa, vizuizi vya kodi viko kila kilometa, na vita inakula Mashariki. Congo inatoa karibu asilimia 70 ya cobalt ya dunia, ile inayoingia katika betri za simu na kompyuta. Mashine inabeba udongo wetu, na mtoto wetu anaichora kwa bic. Kosa hilo si la mtoto asiyejua programu. Mwenye kusema "vijana wajifunze tu" anataka kutupa sisi deni lenye si letu.

Na tujifunze kwa wale waliotangulia. Uingereza iliweka somo la kompyuta kuwa la lazima mwaka 2014, kutoka umri wa miaka 5. Inchi tajiri, courant iko, walimu wanalipwa. Miaka mitatu kisha, ripoti ya Royal Society ilionyesha kwamba mafundisho yalikuwa hafifu na ya kuvunjika-vunjika. Zaidi ya nusu ya shule hazikuwa zinatoa mtihani wa somo hilo mwishoni mwa sekondari, na kati ya waliofanya mtihani huo msichana alikuwa mmoja kwa watano. Walimu wengi hawakuandaliwa. Kama amri peke yake haikutosha London, itatosha Kasongo?

Kwetu mwalimu njo wa kwanza kusahauliwa. Tunawajua "nouvelles unités" na "non payés", wenye wanafundisha miaka na jina lao haliko kwenye listi ya mshahara. Septemba 2024 walimu wa mikoa kadhaa walianza mwaka kwa mgomo, wakiomba mshahara unaofaa. Kuwaambia watu hao "kesho mtafundisha programu" bila kuwaandaa na bila kuwalipa ni kuwachekelea.

Kwa hiyo tunaomba, na tunasema wazi:

1. Somo la kuandika programu liwe la lazima katika humanités zote, si sayansi peke yake. Mwanafunzi wa pédagogie na wa coupe-couture ni raia pia.

2. Lisihesabiwe katika Examen d'État kwa shule yenye haijapata mambo matatu: mwalimu aliyeandaliwa na kulipwa, mashine, na courant, hata ya jua. Serikali itimize kwanza, kisha imuulize mtoto.

3. Hakuna pesa ya informatique fasi hakuna mashine. Ipigwe marufuku.

4. Walimu waandaliwe kuanzia ISP, na nafasi ziwekwe kwa wadada tangu mwanzo.

5. Ministère itangaze, shule kwa shule, vifaa gani vilitolewa kwa miradi iliyopita na viko wapi leo.

6. Shule zenye vita imefunga ao imegeuza makao ya waliokimbia zisiadhibiwe. Watoto wao wapewe muda na msaada wa kufikia wengine.

Na sisi? Tusingoje Kinshasa. Juma hili, kila mmoja aende kwenye shule alikosomea ao anakosoma mdogo wake, amuone comité ya wazazi, aulize kwa heshima maswali matatu: pesa ya informatique inalipwa ngapi? Mashine ziko ngapi zenye zinatembea? Mwanafunzi anazigusa saa ngapi kwa mwezi? Muandike majibu, bila jina la mtoto hata mmoja, mutuletee. Tutayaweka pamoja na kuyapeleka kwa wabunge wa mkoa wakiwa na majibu mkononi, si uvumi.

Mwenye kuandika amri za mashine anatawala. Tunataka watoto wetu wote wajue kuzisoma, na tunataka serikali iwe ya kwanza kulazimishwa.

Congo ni yetu sisi wote. Tusilale.