Tukuyu kunanyesha, sheikh wa kwenye simu hajui

Kama hujawahi kufika Tukuyu mwezi wa nne, nikwambie tu kwamba mvua ya kule haina mzaha. Inaanza mchana, watu wanakula, wanaoga, wanalala, yenyewe inaendelea. Kwa mwaka mji ule hupata zaidi ya milimita 2,000. Ongeza na baridi ya mlimani, ongeza na tope.

Jioni moja ya mvua ya namna hiyo nilisali magharibi msikitini pale mjini. Imamu akatoa salamu, akasimama tena, ikakimiwa, tukasali na isha hapo hapo. Kijana mmoja aliyekuja kikazi kutoka Dar hakusimama. Alibaki amekaa na simu yake, na tulipomaliza akamwambia mzee aliyekuwa jirani yake, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba isha haijaingia na kwamba huo ni uzushi. Mzee akamtazama. "Baba, wewe umesoma kwa nani?" Kijana akasema huwa anafuatilia mawaidha. Mzee hakubishana naye, alimuuliza tu kama ana mwavuli.

Sasa ukweli ni kwamba ruhusa ile imo katika fiqhi ya Imam Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Mvua inamruhusu anayekwenda kusali jamaa msikitini kuileta sala ya pili katika wakati wa ile ya kwanza, na masharti yake yako wazi: mvua iwe inanyesha mnapoanza sala zote mbili na mnapomaliza ile ya kwanza, na mtu awe anatoka mbali kiasi cha kuudhika njiani. Anayesali nyumbani kwake hana ruhusa hiyo. Tope la njiani nalo lina mlango wake. Ukirukiwa na kiasi ambacho ni vigumu kukikwepa unasamehewa, hata kama unajua njia ile ina najisi. Vitabu hivi havikuandikwa Rungwe, lakini ukivisoma utadhani mwandishi aliwahi kupanda kutoka Ushirika kwa miguu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ni chepesi. Kipo kingine ambacho si chepesi, na ndicho kilichonifanya niandike.

Rafiki yangu mmoja, tuliyecheza naye utotoni, ni Mnyakyusa Mwislamu. Baba yake alisilimu alipooa. Bibi yake mzaa baba alikuwa Mmoraviani, na hilo halishangazi mtu Rungwe, maana Wamoraviani walifika kule mwaka 1891 na karibu kila ukoo una mzee wa kanisa. Waislamu wa Rungwe ni wachache na wamezaliwa ndani ya koo za Wakristo, wanakula nao, wanazikana nao. Bibi huyu ndiye aliyemlea rafiki yangu. Ramadhani ilipofika alikuwa anaamka mwenyewe kumpashia daku.

Bibi akafariki. Rafiki yangu alikuwa Mbeya mjini, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Kabla ya kuondoka akafungua simu aulize kama inafaa kwenda kumzika mtu asiye Mwislamu. Akakuta kipande cha video cha dakika mbili. Msemaji, ambaye simtaji na wala si wa nchi hii, alisema haifai, akapiga meza. Rafiki yangu hakwenda.

Kwa asiyewajua Wanyakyusa, msiba kule si wa watu kumi. Wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, na Godfrey akaandika maandishi mazima kuhusu maziko yao, jinsi ukoo unavyokusanyika na jinsi kila mtu anavyotazamwa nani kaja na nani hakuja. Mengi yamebadilika, ila hilo la kutazamwa halijabadilika hata kidogo. Mjukuu aliyelelewa na marehemu asipoonekana, hakuna maelezo yanayotosha. Shangazi yake alikaa zaidi ya mwaka bila kupokea simu yake. Na pale kijijini maneno yakawa, basi ndivyo dini yao ilivyo.

Ndivyo ilivyo? Hebu tuangalie. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj ni nguzo ya madhehebu ya Shafii, anasema hakuna ubaya Mwislamu kufuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu. Kinachokatazwa ni kumsalia sala ya maiti na kumuombea maghufira. Kwenda, kusimama kaburini, kuwashika mkono wafiwa, mlango uko wazi. Nisieleweke vibaya, wapo wanazuoni wa madhehebu mengine waliobana zaidi, na wana hoja zao. Lakini huyu kijana hakuambiwa kwamba kuna kauli mbili. Hakuulizwa marehemu ni nani kwake. Alipewa jibu la swali la mtu mwingine wa nchi nyingine.

Na hapa ndipo ninapogombana na sisi vijana wa mjini tunaojiita wasomi. Tumejiaminisha kwamba elimu ya dini ni kama bei ya nauli, ukiuliza popote jibu ni lile lile. Wenye elimu yao hawakuichukulia hivyo. Imam Shafii mwenyewe alikuwa na rai zake za Iraki, alipohamia Misri akazipitia upya na kubadilisha nyingi, mpaka leo wanafunzi wanafundishwa kauli ya zamani na kauli mpya. (Sababu zake wanazuoni wanazijadili, wengine wanasema ni ushahidi mpya aliokutana nao, wengine mazingira.) Na huyo huyo Nawawi anaposimulia adabu za mufti anasema kwamba mambo ya viapo na maneno ya watu asiyatolee fatwa mtu asiyetoka katika nchi yao, isipokuwa awe amezoea wanavyosema. Miaka zaidi ya 700 iliyopita!

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Sheikh Abdallah Bakathir wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1925, alipotakiwa miaka ya 1910 kusuluhisha mgogoro wa Waislamu wa Cape Town, hakutuma karatasi tu. Alipanda meli akaenda. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na 1932 Al-Islah, akiandika kwa Kiswahili mambo ya watu wake kwa sababu aliona wanasomeshwa wasichokielewa. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ikachapwa nzima mwaka 1969, na akaandika vitabu vidogo vya sala, saumu na ndoa ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvisoma akiwa dukani kwake. Watu hawa walikuwa wanajua nani anauliza.

Mtu atasema, wewe unalaumu simu tu. Hapana. Simu haina kosa. Mimi mwenyewe naitumia, na wapo masheikh wazuri humo wanaomwambia muulizaji waziwazi, nenda kamuone mwalimu wa kwenu. Tatizo ni huyo mwalimu wa kwetu. Tumemfanya nini?

Nimesoma madrasa kama wengi wenu. Tulihifadhi, tulichapwa, tulimaliza juzuu, tukafanyiwa maulidi. Mlango wa maiti tuliusoma kwa kuhesabu: nguzo za sala ya maiti ni saba, ya kwanza nia, basi. Hakuna aliyetuuliza, je, akifa bibi yako Mmoraviani utafanyaje, na darasa zima tulikuwa na bibi wa namna hiyo! Simlaumu mwalimu wetu. Alikuwa anafundisha watoto wengi kwa senti walizoleta wenyewe siku ya Alhamisi, asubuhi analima, jioni anafundisha, na watu waliposafiri kwenda Dar na kurudi na maneno mapya walimwona hajui kitu kwa kuwa hakusoma Madina.

Leo michango inaitishwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani. Ya kipaza sauti inajaa siku mbili. Ya kapeti inajaa wiki. Nilipopendekeza tumlipe mwalimu mmoja mshahara wa kila mwezi, na kila mwaka tumgharimie akasome kidogo, watu walituma vidole gumba. Pesa hakuna aliyetuma, na wengi waliotuma vidole gumba wana kazi za maana kuliko yangu. Chuo Kikuu cha Waislamu kiko Morogoro tangu 2005, vitabu vya Kiswahili vipo, walimu wa kumfundisha mwalimu wapo. Msikiti wenye mwalimu anayejua fiqhi yake na anayejua ukoo wa nani umeoana na ukoo wa nani, huo ndio ambao rafiki yangu angepiga simu usiku ule. Na kama mwalimu asingekuwa na jibu, angesema ngoja nimuulize aliyenifundisha, na wakati anauliza angemwambia kijana, wewe panda gari kwanza.

Yule mzee wa mwavuli, nilipomsimulia habari hii, aliniuliza kitu kimoja tu, kama bibi alikuwa na watoto wengine wa kumzika. Nikasema walikuwepo. Akanyamaza, halafu akasema huyo kijana aende hata sasa.

Alikwenda mwezi wa saba, na mkungu wa ndizi na kilo tano za sukari. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Shangazi alimtolea kiti, akampa chai, wakazungumza bei ya maparachichi mpaka jua likazama. Habari ya msiba hajamuuliza mpaka leo.