KINYWA CHA MTOTO NACHO CHATAKA KUKAGULIWA

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Sisi twajua maana ya kukagua. Mafundi wa zamani waligonga gurudumu kwa nyundo, wakajua kwa mlio kama lina ufa, kabla behewa halijaanguka njiani. Kinywa cha mtoto ni vivyo hivyo.

Hapa Mukuru kwa Njenga mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne, alishikwa na utando mweupe ulimini. Ukipanguswa hutoka, kisha hurudi. Akavimba chini ya masikio, watoto wenziwe wakamcheka. Mara mbili alipelekwa kwa ajili ya jino bovu. Jino likang'olewa, akarudishwa nyumbani, wala mama hakuulizwa neno. Mara ya tatu daktari mwingine wa meno alimwita mama faragha, akamweleza kwa upole. Mtoto akapimwa, akaonekana ana virusi vya Ukimwi. Leo anameza dawa na anakwenda shule.

Basi tujue dalili hizi: utando mweupe usiokoma, uvimbe wa tezi za mate usiopona, ufizi mwekundu kandokando ya meno, na vidonda vya mdomo vinavyorudi rudi. Lakini tuangalie! Dalili si hukumu. Hata mtoto mchanga mzima hupata utando. Kipimo cha damu ndicho kisemacho kweli.

Wengine watasema, kazi ya daktari wa meno ni meno tu. Mimi nakataa. Mtoto aliyeambukizwa hukua na maradhi haraka. Wasiopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kila jicho linaloona mapema laokoa. Na dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali tangu 2006.

Mwaka huo huo wa 2006 Bunge lilipitisha sheria ya Ukimwi: mtoto hapimwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na siri yake hailetwi barazani. Kwa hiyo daktari anayenong'ona na watu mlangoni avunja sheria, na yule anayenyamaza kwa kuona haya amwacha mtoto apotee.

Sasa sisi baba tuna neno gani? Mara nyingi twamwachia mama peke yake, tukisema tuna zamu. Ni kweli: Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi likizo ya ugonjwa wake mwenyewe, si ya ugonjwa wa mwanawe. Anayempeleka mtoto hospitali hupoteza mshahara wa siku.

Naomba chama chetu kidai, katika mapatano yajayo, nusu siku yenye malipo kwa mzazi mwenye barua ya kliniki. Nasi wanachama tuahidi kwamba nusu siku hiyo tutaitumia kliniki, si kilabuni.

Jioni hii, ndugu, mwambie mwanao afunue kinywa, utazame.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi.