Herufi Mbili Kwenye Cheti cha Dawa



Katika picha nyingi za Msalaba, juu ya kichwa cha Bwana Yesu utaona herufi nne: INRI. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya Yesu wa Nazareti, Mfalme wa Wayahudi. Mwinjili Yohana anatueleza kwamba anwani ile iliandikwa kwa lugha tatu, Kilatini kikiwa mojawapo. Kilatini hicho hicho kimo mpaka leo katika cheti unachopewa hospitalini, na huko yakupasa uwe macho, kwa maana wewe ndiwe unayeshika kijiko cha dawa nyumbani.

Chukua OD. Daktari akiandika herufi hizi pembeni mwa jina la dawa, ana maana ya omni die, yaani kila siku mara moja. Nenda sasa ukapimwe miwani. Kwenye cheti cha macho, OD ni oculus dexter, jicho la kulia, na OS ni la kushoto. Wauguzi wa chumba cha dharura wakisema mgonjwa ana OD, wanasema juu ya mtu aliyemeza dawa kupita kiasi. Na baba watoto akirudi na karatasi ya benki yenye OD kando ya salio, amechukua fedha kuliko alizokuwa nazo, na riba inamngoja. (Mazungumzo ya jioni hiyo tuyaache.)

Ya benki yataisha kwa kulipa. Ya dawa ni mazito zaidi. Institute for Safe Medication Practices, shirika la Marekani linalofuatilia makosa ya dawa, limeiweka OD katika orodha ya vifupisho visivyofaa, kwa kuwa imetokea dawa ya maji ya kunywa ikatiwa jichoni. Aliyesoma alidhani ameambiwa jicho la kulia! Kuna na MS. Kwa mmoja ni salfeti ya mofini, dawa ya maumivu makali. Kwa mwingine ni salfeti ya magnesiamu, ile wanayochomwa akina mama wenye kifafa cha mimba. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali huko Marekani, kiliagiza MS isiandikwe tena, bali jina zima la dawa.

Vifupisho vingine utakavyokutana navyo ni BD, mara mbili kwa siku. TDS, mara tatu. AC, kabla ya chakula. Na PC, baada ya chakula. Sikushauri uvikariri. Anayekariri hujiamini, kisha haulizi.

Wala usidhani kwamba Kiswahili chetu hakina mtego. Kwenye bahasha ya vidonge huandikwa 1x3, nasi tunasoma "kimoja kutwa mara tatu". Lakini kutwa ni mchana, tangu jua lichomoze hadi lichwe. Basi mama mtiifu anampa mtoto vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, na usiku kucha mtoto hana dawa. Kwa dawa nyingi za kuua vijidudu, mara tatu ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kwa hiyo usiondoke dirishani kabla mtoa dawa hajakuandikia kwa maneno kamili: dawa ni ya nini, inywewe saa ngapi, kwa siku ngapi, na kabla au baada ya kula. Kama ni ya maji, akuonyeshe kipimo cha mililita, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Rudia maneno yake kwa sauti ili asikie ulivyoelewa. Foleni ikiwa ndefu na walio nyuma yako wakaguna, waache wagune.