Usinunue ordinatere mbele ya kupata muteja

Kuanzia mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 ba Gécamines balitoka mu kazi na feza ya départ volontaire. Bamingi baliingia mu biashara bila kujua nani atanunua. Feza ikaisha.

Leo binti yako wa Katuba anataka kuwa sekretere wa mbali: kujibu barua na kupanga randevu za mukubwa mumoja wa Bruxelles, kwa ordinatere. Usimuseke, ile ni kazi ya kweli. Lakini usimupe mushahara wote wa mine.

Aazime mashine kwanza. Atafute muteja mumoja, baandikiane bei, siku ya kulipwa, na nusu ilipwe mbele. Amuambie wazi: kwetu umeme unakatikaka. Muteja akirudia, hapo njo ununue.