AFYA YA NYUMBANI: Surua, na Desturi ya Kumtazama Mgonjwa



Mwalimu mmoja ametuletea waraka akitaka shauri. Katika mtaa wake mtoto amepatwa na surua, na jirani, kwa desturi njema tuliyoipokea kwa wazee wetu na kufundishwa tena katika Injili, wakafuatana kwenda kumtazama, akina mama wamebeba watoto migongoni. Yeye akawazuia mlangoni. Akaambiwa hana huruma, na imani yake ni haba. Je, amekosa?

Hakukosa. Walakini aliwazuia wote sawasawa, na hapo ndipo tuna neno naye.

Mwaka wa 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, katika bahari ya kaskazini, vilivyo chini ya mfalme wa Denmark. Ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana huko tangu mwaka wa 1781. Katika watu wapatao 7,800, kama 6,000 waliugua kwa miezi michache. Serikali ikatuma matabibu vijana wawili, na mmoja wao, Peter Ludvig Panum, alipita kijiji kwa kijiji akiuliza siku kila mtu alipokutana na mgonjwa, na siku upele ulipomtokea. Akaona kwamba katikati hupita siku 13 au 14. Akaona na jambo la pili: katika wazee waliougua utotoni, mwaka ule wa 1781, hakumpata hata mmoja aliyeugua tena, ingawa ilikwisha pita miaka 65.

Basi aliyekwisha kuugua surua, au aliyechanjwa mara mbili, huyo ndiye wa kutumwa. Na aingie, aombe, ampe mtoto uji, ampokee mama naye apate kulala. Bali watoto wasiochanjwa, na mama mja mzito asiyewahi kuugua wala kuchanjwa, wasikaribie; wao na wapeleke kuni na chakula, waviache uani.

Wala kuketi mbali na kitanda hakutoshi. Kirusi cha surua hutoka kwa kikohozi na chafya, nacho chaweza kukaa katika hewa ya chumba hata muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Katika watu kumi wasio na kinga wakaao naye, kama tisa wataugua. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele, wakati ule tusemapo, “Ni mafua tu,” tukamchukua ibadani. Kisha huendelea siku nne baada ya upele kutokea. Kwa hiyo surua ikitajwa kijijini, mtoto mwenye homa, kikohozi na macho mekundu abaki nyumbani, na mwalimu asimwandike mtoro.

Wako wasemao mwenye surua asipewe maji wala asiogeshwe, wala asipelekwe kwa mganga mpaka upele wote umetoka. Neno hili si la kweli, na limeua watoto. Mpeni maji na ziwa la mama mara kwa mara. Macho yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa na kitambaa safi, wala msitie dawa ya majani. Zahanatini atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, ili macho yake yasipofuke. Akipumua mbiombio, au akishindwa kunywa, au akishikwa na degedege, msingoje asubuhi. Hata akipona, mwili hukaa dhaifu kwa wiki nyingi na magonjwa mengine humwingia upesi, azidishiwe chakula.

Hapa Tanzania, kama Kenya, chanjo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, tena 18. Wengi huileta kadi mara ya kwanza, mara ya pili wakasahau.

Sasa, mwalimu wetu, rudi kwa wale uliowazuia. Iwapo yumo aliyekwisha kuingia chumbani, mtoto wake apelekwe zahanati leo hii, maana chanjo ikipatikana kabla ya siku tatu kupita yaweza kumwokoa, na penye mlipuko wa surua huweza kutolewa hata kwa mwenye miezi 6. Kisha hesabu siku pamoja na mama yake hata wiki tatu, ukimtazama kila asubuhi.