Katikati ya Mji ni ya Waendao kwa Miguu

Wananchi wa Thika na Ruiru! Tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, fedha zetu zapita mbele ya maduka yetu zikikimbilia majumba ya biashara ya Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 Thika. Wengi wetu twaenda sokoni kwa miguu, tukirukaruka matope kati ya matatu. Ada ya maegesho yatozwa, njia ya miguu haionekani! Madiwani wa manispaa tuliowapigia kura waliondoka mwaka 2013. Bodi za leo huteuliwa. Hata hivyo, Sheria ya Miji ya 2011 yatupa mabaraza ya wananchi. Twadai yaitishwe, hesabu za ada zisomwe hadharani, na wachuuzi waulizwe kwanza, kabla ya tingatinga.